Uzi: Kigunduzi cha mionzi cha kujitengenezea kwenye kikao cha wapenda elektroniki – volti, mapigo na hesabu zake

#1 Mrija400

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandaa vikao vya elektroniki na wanataka siku moja nzima ya kutengeneza vigunduzi vya mionzi. Maelekezo mengi yanaishia pale kifaa kinapoanza kutoa "tik, tik", watu wanapiga makofi na kwenda nyumbani. Lakini kifaa kinaweza kutoa mlio kwa sababu ya unyevu kwenye bodi, volti iliyozidi, taa ya mezani au simu iliyo jirani. Kigunduzi chenyewe ni mrija wa Geiger, yaani bomba la gesi linalotoa pigo dogo la umeme kila linapogundua chembe ya mionzi. Tuanze na volti, maana ndiko mirija mingi inakofia.

Nauchukulia mrija wa SBM-20 kama mfano kwa sababu ndio ulio mikononi mwa watu wengi. Ni mrija wa chuma wa Kisovieti, urefu wa sentimita 11 hivi, na hufanya kazi kwa volti 350 hadi 475, lenga 400. Rezista ya anodi (ncha chanya ya mrija) ni megaohmu 5.1, na iwe karibu kabisa na anodi yenyewe. Ukiiweka mbali ukavuta waya wa sentimita 20, waya huo unakuwa kapasita inayojimwaga ndani ya mrija kila pigo, na mrija unachakaa kabla ya wakati wake.

Kathodi (ncha ya pili) ishuke kwenye hasi ya saketi kupitia rezista ya kiloohmu 100. Pale kathodi na rezista zinapokutana, chukua ishara kupitia kiloohmu 10 hadi kwenye beisi ya transista ya BC547. Kolekta ivutwe juu na kiloohmu 10 kwenye volti 5, na hapo ndipo pini ya Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta inayohesabu mapigo, inaposoma. Kila chembe inayogunduliwa inaishusha kolekta kwa muda mfupi.

Mrija usilehemiwe moja kwa moja. Joto hupasua muhuri wa ncha, gesi inatoka, na hakuna dawa. Tumia vishikizi vya fyuzi vinavyobana ncha zote mbili.

#2 KoiliNyembamba

Mkuu, umeruka chanzo cha hiyo volti 400, na ndipo vikao vingi vinapokwama. Mpangilio wa 555 (chipu ya kuwasha na kuzima kwa vipindi) unaofanya kazi ni huu: betri ya volti 9, koili ya milihenri 10 inayohimili walau miliampia 100, MOSFET ya IRF840 (transista inayotumika kama swichi), dayodi ya UF4007, na kapasita ya nanofaradi 10 ya volti 1000 kwenye tokeo.

Muda wa 555 una mtego wake. Katika mpangilio wake wa kawaida tokeo hukaa juu muda mrefu kuliko chini, na sisi tunataka kinyume. Weka 1N4148 kutoka pini 7 kwenda pini 6, sambamba na rezista ya pili. Kwa kapasita ya muda ya nanofaradi 10, rezista ya kwanza iwe kiloohmu 12 na ya pili kiloohmu 130. MOSFET itapitisha mkondo kama mikrosekunde 80 na kuukata karibu mikrosekunde 900. Katika hizo 80, mkondo wa koili unapanda hadi miliampia 70 hivi, sawa na mikrojuli 25 kwa mzunguko. Hesabu hiyo inaonekana kubwa kupita kiasi mpaka ukumbuke kwamba MOSFET na koili zina kapasita yao ya ndani: pikofaradi 100 ikijazwa hadi volti 400 inakula mikrojuli 8 kabla dayodi haijapitisha chochote.

Usibadilishe UF4007 kwa 1N4007. Zinafanana kwa umbo na kwa volti, lakini 1N4007 ni ya umeme wa nyumbani wa mizunguko 50 au 60 kwa sekunde. Inachelewa kufunga, na sehemu ya chaji uliyoipandisha inarudi ilikotoka. Dalili yake: volti inagoma kwenye 250 au 300 na MOSFET inapata joto.

Na usiendeshe IRF840 kwa volti 5. Lango lake linataka kama volti 10 ili lifunguke sawasawa, na 555 ya kawaida ikilishwa volti 5 hutoa chini ya 4. Kuna wanaoweka transista ya MPSA44 badala yake. Kikomo chake ni volti 400, yaani unaiweka ukingoni kila mzunguko.

#3 Mrija400

Nashukuru kwa nyongeza. Niongeze kidhibiti: zena nne (dayodi zinazoanza kupitisha kinyume volti ikifika kiwango chake) za volti 100 kwa mfululizo kutoka kwenye tokeo hadi beisi ya transista ya NPN, na kiloohmu 100 kati ya beisi na emita. Kolekta iende pini 4 ya 555, ambayo imevutwa juu kwa kiloohmu 10. Volti ikivuka kiwango, zena zinapitisha, 555 inanyamaza, volti inashuka. Mkondo unaopita humo ni mikroampia 6 au 7 tu wakati zena hupimwa kiwandani kwa mkondo mkubwa zaidi, kwa hiyo usiamini jumla ya maandishi yaliyo juu yake. Pima.

Kapasita ya tokeo ibaki nanofaradi 10. Kwa volti 400 inabeba milijuli 0.8, inachoma kama sindano. Mtu akiweka mikrofaradi 10 "ili volti itulie", anabeba mara elfu ya hiyo, na hilo ni pigo la kuumiza mtu kweli. Baada ya kuzima, gusisha kiloohmu 100 kati ya chanya na hasi ndipo uingize mkono.

#4 Bredibodi_Tupu

Wakuu naomba msaada. Volti nikiipima kwenye anodi napata 265. Zena zote nne ni nzima, nimezipima moja moja. Niongeze ya tano?

#5 MudaMfu

Usiongeze! Volti yako iko sawa kabisa. Mita yako ina megaohmu 10 ndani yake, na umeiweka nyuma ya rezista ya megaohmu 5.1. Zinagawana: 400 mara 10 gawanya kwa 15.1, jibu ni 265. Ungepandisha chanzo hadi mita iseme 400 hapo kwenye anodi, volti halisi ingekuwa 604. Mrija ungeingia kwenye mmweko usiokoma, nao hufa kwa dakika chache.

Hata ukipima kabla ya rezista ya anodi, mita ya megaohmu 10 inanyonya mikroampia 40, na vyanzo vingi vya namna hii vinalegea hapo. Tengeneza probu ya gigaohmu 1: rezista kumi za megaohmu 100 kwa mfululizo ndani ya bomba la plastiki, kisha mita. Unachosoma unazidisha kwa 101, kwa hiyo volti 3.96 kwenye mita ni 400. Sababu ya kumi badala ya moja ni kwamba rezista ndogo ya kawaida haikuundwa kubeba volti 400 peke yake. Zikiwa kumi kila moja inabeba 40.

Tahadhari mbili kwenye probu. Rezista za ukubwa huo mara nyingi zina kosa la asilimia 5, na baadhi ya mita hubadilisha ukinzani wa ndani zinapobadili renji. Pima kwanza volti 30 za chanzo cha mezani moja kwa moja, halafu kupitia probu, upate kizidisho chako halisi. Kisha funga mita kwenye renji moja. Na usiziguse rezista kwa vidole vitupu. Jasho na mafuta ya ngozi ni njia ya umeme kwenye gigaohmu.

#6 Bredibodi_Tupu

Nimekusoma mkuu. Kwa hiyo nirudi kwenye nne.

#7 SilikoniKavu

Naomba nafasi ya upande wa fotodayodi (dayodi inayotoa umeme kidogo ikipigwa na mwanga au mionzi), maana kwenye kikao chenye wanafunzi wadogo si lazima volti 400 iwepo mezani. Fotodayodi ya BPW34 inafanya kazi kwa betri ya volti 9. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ina mchoro wa wazi wa kigunduzi cha shule wa aina hii, wenye BPW34 nne sambamba na amplifaya ya TLE2072, na saketi nzima inaingia kwenye kopo dogo la bati.

Watu wajue ishara ni ndogo kiasi gani. Silikoni inahitaji eV 3.6 hivi (elektronivolti, kipimo kidogo mno cha nishati) kutoa jozi moja ya elektroni na shimo. Gama (mionzi ya jamii ya mwanga, yenye nishati kubwa) ya keV 59.5, yaani eV 59,500, ikimezwa yote inatoa kama elektroni 16,000, sawa na femtokulombi 2.6. Ndiyo maana kila kitu kinaweza kuifunika. BPW34 ina pikofaradi 70 bila volti na kama 25 ikipewa volti 3 kinyume, na kapasita ndogo maana yake kelele ndogo. Kwa hiyo volti ya kinyume isirukwe. Dayodi nne zinaongeza eneo la kunasa lakini zinajumlisha na kapasita pia, kwa hiyo kuweka kumi hakukupi mara kumi ya faida.

Makosa matatu yanajirudia kwenye kila meza. La kwanza ni mwanga: kopo linaonekana limefungwa lakini tundu la waya linapitisha. Zima taa, hesabu ikishuka, ulikuwa unapima taa. La pili ni kinga isiyounganishwa na hasi ya saketi. Kopo linaloelea halizuii kitu, na simu ikitafuta mtandao inaleta mapigo mazuri kabisa yanayofanana na mionzi. La tatu ni mtikisiko. Kapasita za kauri za aina ya X7R zinatoa umeme zikitikiswa, ukigonga meza unapata "mionzi". Kwenye njia ya ishara tumia kauri za C0G au za filamu, na usiweke spika ndani ya kopo lenye dayodi.

#8 KoiliNyembamba

Lakini SilikoniKavu, tukubaliane kwamba BPW34 kwa kupima mionzi ya kawaida ya mazingira ni dhaifu mno. Eneo lake ni milimita za mraba 7.5. Gama nyingi zinapita bila kuacha kitu.

#9 SilikoniKavu

Nakubali. Ni ya kuonyesha chembe za beta (elektroni zenye kasi) kutoka kwenye kitu kilicho karibu na kujifunza kukuza ishara ndogo. Anayetaka namba ya mazingira achukue mrija. Ila ina jambo moja ambalo mrija wa Geiger hauna: ukubwa wa pigo unafuata nishati iliyoachwa ndani. Mrija unatoa pigo lilelile, iwe chembe ndogo au kubwa.

#10 HesabuMraba

Tuje kwenye hesabu. SBM-20 mahali pa kawaida hutoa kama mapigo 15 hadi 30 kwa dakika. Jirani wawili wanapima dakika moja, mmoja anapata 18, mwingine 24, na ubishi unaanza juu ya nani kakosea. Hakuna aliyekosea. Mapigo yanakuja bila mpangilio, na mtawanyiko wake ni kipeuo cha pili cha idadi. Tofauti ya 6 ina mtawanyiko wa kipeuo cha pili cha 42 (18 jumlisha 24), yaani 6.5. Hiyo si tofauti.

Waache wapime dakika 30 pale pale mezani. Mmoja akipata 540 na mwingine 720, tofauti ni 180 na mtawanyiko ni kama 35. Hapo kuna kitu: volti, uvujaji, au mrija wenyewe.

Kwa mapigo 20 kwa dakika, dakika 10 zinakupa 200 na kosa la asilimia 7. Ukitaka asilimia 1 unahitaji mapigo 10,000, zaidi ya saa nane. Kwa hiyo skrini inayobadilisha "mikrosiveti" (kipimo cha dozi ya mionzi) kila sekunde kwa desimali tatu inamdanganya mtazamaji. Programu ioneshe wastani wa dakika 10 na kosa lake pembeni.

#11 PotasiamuArobaini

Na kizidisho cha kugeuza mapigo kwa dakika kuwa mikrosiveti kwa saa je? Kuna wanaotumia 0.0057 kwa SBM-20, kuna wanaotumia 0.0066. Nani yuko sahihi?

#12 HesabuMraba

Zote mbili zinazunguka, moja ni kugawa kwa 175 na nyingine kwa 151. Kizidisho ni cha mrija fulani mbele ya chanzo fulani, mara nyingi Sesiamu-137 au Kobalti-60. Mrija usio na kichujio cha nishati husoma gama za nishati ndogo kwa kuzidisha. Ukiweka beta mbele yake, namba ya mikrosiveti haina maana tena.

Mfano mzuri wa kulifanya vizuri ni Safecast, kundi la kujitolea la kupima mionzi lililoanza 2011 baada ya ajali ya Fukushima. Kifaa chao cha bGeigie Nano kiliuzwa kama vipande vya kulehemu mwenyewe na watu wengi wamekitengeneza kwenye warsha. Ndani mna mrija bapa wa LND 7317, na kizidisho ni mapigo 334 kwa dakika kwa mikrosiveti 1 kwa saa, kwa Sesiamu-137. Kinachohifadhiwa ni mapigo yenyewe, kizidisho kinakuja baadaye. Nanyi andikeni hivyo kwenye daftari la kikao: mapigo, muda, aina ya mrija, volti.

#13 PotasiamuArobaini

Sawa. Mimi niweke vyanzo vya kujaribia, maana hapa watu wanaweza kujiumiza.

Cha kwanza na salama ni kloridi ya potasiamu, ile inayouzwa kama chumvi mbadala. Gramu 100 zina potasiamu gramu 52, na kila gramu ya potasiamu ya asili ina bekereli 31 hivi (atomi 31 zinazooza kwa sekunde), kwa hiyo mfuko una kama 1,600. Ieneze kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, ufunge, uulaze kwa urefu wa mrija. Pima dakika 20 bila mfuko, dakika 20 na mfuko. Kisha weka bati la alumini la milimita 3 katikati: ongezeko karibu lote linatoweka kwa sababu lilikuwa la beta. Watu wanaiona beta ikizuiwa mbele ya macho yao, na hakuna aliyeshika kitu cha hatari.

Cha pili ni puto. Lisugue kwa sufu, lining'inize dakika 40 kwenye chumba cha chini kilichofungwa. Linavuta mazao ya radoni, Risasi-214 na Bismuthi-214, zenye nusu-maisha (muda wa nusu ya atomi kuoza) za dakika 27 na 20. Litoe upepo, likunje, lilaze kwenye mrija, andika mapigo kila dakika 5 kwa saa mbili. Utachora mchirizi unaoshuka hadi nusu kwa takriban nusu saa au zaidi kidogo, kwa sababu moja inazaa nyingine. Hewa ikiwa na unyevu mwingi puto halishiki chaji na jaribio linakwama; fanyeni siku kavu.

Ambacho hakifanywi: kufungua kigunduzi cha moshi kutoa Amerisiamu-241. SBM-20 hata haioni alfa (chembe nzito zisizopenya, ambazo Amerisiamu hutoa), ukuta wake wa chuma unazizuia, kwa hiyo hupati kipya, ila unajiwekea hatari ya kumeza au kuvuta chembe, na nchi nyingi zinakataza. Fimbo za kuchomelea zenye thoriamu zinafaa kuonyeshwa zikiwa nzima ndani ya mfuko. Zisinolewe wala kukwaruzwa. Vumbi ndilo baya.

#14 Mrija400

Kuhusu kikao chenyewe, kwa watu kumi mpango unaokwenda vizuri ni wawili wawili, meza tano, na meza ya sita ya vipimo ambako probu ya gigaohmu iko moja na mtu mmoja anaisimamia. Hakuna mrija unaotolewa kwenye boksi mpaka bodi ya volti ipite meza ya sita ikiwa kati ya 380 na 420. Sheria hii inaokoa mirija kuliko nyingine zote. Saa moja na nusu ya kulehemu bodi ya volti, nusu saa ya kuipima, saa moja ya mrija na Arduino, na saa moja ya mwisho ya kupima pamoja. Chakula kikae chumba kingine, mikono ioshwe kabla ya kula, na hiyo ni kwa ajili ya risasi ya lehemu kuliko kwa chanzo chochote cha mionzi kilichopo hapo.

Bodi isafishwe kwa alkoholi ya isopropili baada ya kulehemu, pande zote mbili, hasa kuzunguka megaohmu 5.1 na zena. Mabaki ya fluksi yakinyonya unyevu yanapitisha umeme. Dalili yake ni volti nzuri asubuhi inayoshuka jioni, au mapigo yanayokuja kwa mafungu mfululizo kisha kimya. Ukipuliza pumzi kwenye bodi na hesabu ikaruka, hujasafisha.

Walio na mirija ya kioo kama J305 waifunike kwa mkanda mweusi. Mwanga wa jua unaipandisha hesabu.

#15 Bredibodi_Tupu

Wakuu nimerudi. Volti ni 398 kwa probu. Bodi imesafishwa. Napata mapigo 47 kwa dakika, jirani yangu 22, dakika 30 kila mmoja, mirija tumebadilishana na bado yangu ni karibu mara mbili.

#16 MudaMfu

Kubadilishana mirija ni hatua sahihi, imeshasema kosa liko kwenye bodi au programu. Karibu mara mbili kamili inanuka kuhesabu pigo moja mara mbili: mkia wa pigo unatetemeka ukivuka kiwango cha kusoma tena.

Usikisie, thibitisha. Rekodi muda wa kila pigo kwa micros(), ambayo kwenye Arduino Uno ina hatua za mikrosekunde 4, na uangalie nafasi kati ya pigo na pigo. Kwa mapigo 20 kwa dakika nafasi ya wastani ni sekunde 3, kwa hiyo nafasi iliyo chini ya milisekunde 1 inatarajiwa mara moja tu katika kila pigo 3,000. Na chini ya mikrosekunde 190 haitakiwi kuwepo kabisa, kwa sababu SBM-20 ikishapiga hukaa bila kuona kwa muda huo.

#17 Bredibodi_Tupu

Nimerekodi mapigo 400. Nafasi 188 ziko kati ya mikrosekunde 60 na 110.

#18 MudaMfu

Ndiyo hiyo. Weka kapasita ya pikofaradi 220 kati ya beisi ya BC547 na hasi ili kulainisha mkia, na kwenye programu pigo lolote linalokuja ndani ya mikrosekunde 200 tangu la mwisho lisihesabiwe. Huibi kitu hapo, mrija wenyewe hauwezi kutoa pigo la kweli ndani ya muda huo. Kisha pimeni tena dakika 30 na jirani yako, bodi zote mbili meza moja, uweke namba hapa.

#19 Bredibodi_Tupu

Dakika 30: mimi 668, jirani 641.

#20 HesabuMraba

Tofauti 27, mtawanyiko 36. Mnapima kitu kimoja.